Mstari wa Mafuta Chini ya Mkia

Nauza samani zilizokwisha kutumika. Kwa miaka ishirini na tatu nimenunua meza za ofisi zilizofungwa, vitanda vya hoteli zilizofilisika, makabati ya watu waliohama, nikavipiga msasa, nikavipaka vanishi, nikaviuza kwa watu wanaotaka kuonekana wana vitu vipya. Kwa hiyo mtu asiyepunguza bei hunitia wasiwasi. Ama ni mwizi, ama hana fedha kabisa.

Huyu hakuwa mwizi. Alisimama mbele ya kabati la vioo lililotoka kwenye duka la saa, akafungua mlango, akaufunga, akasikiliza bawaba. Nikamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo hata mimi huitaja nikiangalia pembeni.

"Sawa," akasema.

"Sawa vipi, kaka? Sema basi na wewe yako."

"Duka lako, bei yako. Ila fedha sina. Nina helikopta."

Akatoa kwenye mfuko boksi la viatu. Ndani, juu ya pamba, ililala helikopta ya jeshi yenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Kijani kilichopauka. Masizi nyuma ya bomba la moshi. Vumbi tumboni. Kwenye kikanyagio cha mlango rangi ilikuwa imebanduka, chuma kinaonekana.

"Imechakaa," nikasema, maana ndivyo biashara inavyoanza. "Ya mwaka gani hii?"

"Nimeimaliza Jumanne."

Nikaigeuza. Mikwaruzo naijua, riziki yangu ni kuificha. Hii ilikuwa imechorwa, mmoja mmoja. Tukakubaliana helikopta mbili kwa kabati moja. Hakubishana. Baadaye niligundua kwamba angenipa hata nne, nikajuta siku mbili hivi.

Mtaani wanamwita Pangaboi, kwa sababu ya yale mapanga ya juu, na yeye anaitika. Jeshini alikuwa fundi wa helikopta miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akawa anatengeneza mafriji, na muda unaobaki anaumalizia mezani kwake. Anaishi vyumba viwili na binti yake, muuguzi, ambaye nilipokwenda kuchukua helikopta ya pili alinionyesha kiti kilichojaa unga wa plastiki.

"Futa kwanza, mjomba," akaniambia. "Humu ndani tuna helikopta kumi na moja na hatuna pasi."

Baba yake hakucheka wala hakukasirika. Ndivyo alivyo. Binti aliniambia kwamba siku ya mazishi ya mama yake, watu wanalia, yeye alikuwa ameinama anakaza skrubu ya mpini wa jeneza kwa ukucha. Mimi si mtu wa kumuuliza mwenzangu anajisikiaje, kwa hiyo tulielewana.

Kazi yake niliifuatilia ili nijue gharama. Mwili anaukata kutoka bomba la maji la plastiki. Analipasha moto, analikunjua, analikunja upya anavyotaka. Vioo ni chupa ya maji ya kunywa. Mapanga ni rula ya chuma iliyokatwa kwa mkasi wa bati. Ribiti anazidonoa kwa sindano, moja moja, kwa safu. Kila sentimita ya kwake ni sentimita thelathini na tano za chombo chenyewe, haongezi wala hapunguzi. Akishapaka rangi, kitu kinang'aa kama kimetoka kiwandani, na hapo ndipo mimi ningekiuza. Yeye hapo ndipo anapoanza.

"Sasa tunaizeesha," anasema.

Anazimua rangi nyeusi kwa thina mpaka inakuwa nyepesi kama chai, anaipitisha kwenye mifereji ya maungio, anafuta inayobaki. Anachovya kipande cha sponji kwenye rangi ya fedha, anakigusisha pale kwenye kikanyagio tu. Risasi ya penseli ikisagwa inakuwa chuma kilichosuguliwa. Chaki ni vumbi. Masizi ni masizi, anayakwangua chini ya sufuria.

"Mimi nikiona doa nafuta," nikamwambia. "Wewe unalipaka."

"Sipaki ovyo. Masizi yanarudi nyuma na upepo. Vumbi linapanda tumboni, halianguki kutoka juu, maana mapanga ndiyo yanalipuliza. Rangi inatoka pale mtu anapokanyaga. Doa lisilo na sababu ni uongo."

"Na mteja anajua hayo?"

"Aliyekaa nayo anajua."

Helikopta zangu mbili niliziweka dirishani, ili zivute macho. Zikamvuta mama mmoja aliyekuwa anafungua nyumba ya wageni. Alihitaji vitanda, meza na viti vya vyumba vya chini kwanza, kisha makabati na magodoro ya ghorofani. Mteja wa namna hiyo huja mara moja kwa mwaka. Alikuwa anabisha vizuri, kiti kwa kiti, hata nikaanza kumheshimu, mpaka alipofika dirishani akainua helikopta moja.

"Mume wangu alikuwa anarusha hizi," akasema. "Ilianguka naye. Na watu wanne."

"Pole sana, mama."

"Ni miaka kumi na mmoja. Nani anazitengeneza?"

Nikamwambia. Akasema kama alikuwa fundi wa kikosi cha mumewe basi ni shemeji yake, na labda shemeji angeweza kumtengenezea moja yenye namba ya ile iliyoanguka, aiweke mapokezi. Nikaona pa kuingilia. "Ukichukua vyote kwangu, vya chini na vya juu," nikasema, "helikopta ni nyongeza yangu." Tukapeana mkono.

Pangaboi alikuwa anapiga msasa nilipompelekea habari. "Namba ngapi?" akauliza. Nikasoma kikaratasi: mia nne kumi na saba. Akaendelea na msasa kidogo, kisha akasema, "Naijua hiyo."

Kazi ya wiki tatu ilimchukua saba. Nilichokuja kujua baadaye nakiweka hapa hapa, maana sipendi mtu asome kama anayenunua gunia lililoshonwa mdomo. Mia nne kumi na saba ilikuwa chini ya mkono wake. Asubuhi ilipoanguka ilikuwa inavuja mafuta kwenye giaboksi ya mkia, mstari mwembamba wa kahawia. Aliuona, akaongeza mafuta. Mkubwa wake akasema itafika. Yeye mwenyewe akasaini kwamba chombo ni kizima. Tume ya uchunguzi ilikaa siku tisa ikaandika: kosa la rubani. Yeye aliitwa, akajibu alichoulizwa, na la mafuta hakuulizwa. Tangu hapo alizitengeneza helikopta nyingi na hakuna hata moja aliyoichora mstari ule. Hii aliichora. Alitaka mjane auone, aulize, naye amjibu. Kuanza mwenyewe hakuweza. Alizoea kujibu anachoulizwa.

Alipokuwa ananikabidhi alisema maneno machache. "Akiuliza huo mstari chini ya mkia, niite. Hata kama niko juu ya paa."

"Na asipouliza?"

"Ataona. Ni mke wa rubani."

Nikaitikia. Akili yangu ilikuwa kwenye vitanda kumi na viwili vilivyokuwa vinasubiri gari.

Nilipofika dukani niliiweka mezani nikaitazama kwa macho ya mnunuzi. Kitu cha zawadi, kinakwenda mapokezi, kina masizi, kina vumbi, kina mafuta. Mimi nimeishi kwa kufuta. Sijawahi kupeleka kitu kwa mteja kabla sijakifuta; hata kitanda alichofia mtu nakifuta kwanza. Nikachukua pamba na tone la thina, nikaanzia mkiani kwa sababu ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Dakika kumi tu. Kisha nikapiga vanishi ya kung'aa. Ilipendeza. Ningeulizwa siku ile ningesema nimemfanyia fundi hisani.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu, akasoma namba. "Kama mpya," akasema. Akaiweka kaunta, akarudi kukagua viti, anatafuta miguu iliyolegea.

Jumatatu Pangaboi akaja dukani. "Ameuliza?"

"Bado."

Jumatatu iliyofuata akaja tena. Nikamwambia mama amesema imependeza. Akaguna. Ya tatu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ameuona na amenyamaza," akasema. "Labda ndiyo jibu lake."

"Ameona nini?"

"Mstari."

"Ule uchafu wa mkiani? Niliufuta, kaka. Ningempelekeaje mama wa watu kitu kichafu vile?"

Akaingia, akakaa kwenye kochi la kuuza. Akanieleza yote niliyokwisha kuyaandika hapo juu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kuanzia. Lawama nayo ina bei, watu wakikaa wanaelewana. Nikamwambia la akili: makabati na magodoro ya juu bado hayajaenda, angoje wiki mbili tu, kisha twende wote, hata shati la kola nitavaa.

"Leo yupo?" akauliza.

"Yupo, lakini wiki mbili si nyingi..."

Alikuwa ameshasimama. Nikafunga duka nikamfuata, na kusema kweli nilikwenda kulinda mzigo wangu.

Nyumba ya wageni ilinuka rangi mbichi. Mama alikuwa nyuma ya kaunta, anatundika funguo kwenye misumari. Nikamtambulisha mgeni.

"Karibu, shemeji. Ahsante kwa kazi. Kaa, nikuletee soda."

Hakukaa. Akaomba helikopta, akaiweka juu ya gazeti, akatoa mfukoni kichupa na brashi yenye nywele chache. Akaweka nukta moja ya kahawia chini ya mkia, akaivuta kuelekea nyuma, ikawa mstari.

"Shemeji, mbona unaichafua?"

"Nairudisha ilivyokuwa. Huyu bwana aliifuta."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama misumari.

"Hicho ni nini?"

"Mafuta. Yalikuwa yanavuja asubuhi ile."

Akaweka funguo chini. "Yeye alijua?"

"Aliyaona. Akaniuliza, fundi, hii vipi? Nikamwambia itafika. Nikasaini."

"Halafu?"

"Giaboksi ikikauka inakwama. Panga la mkia linasimama, chombo kinazunguka chenyewe. Hapo hakuna rubani wa kukishika."

"Tume ilisema kosa lake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. La mafuta hawakuniuliza."

Ghorofani mtu alikuwa anapigilia kitu. Nilitegemea kilio au kofi, nikajisogeza ili lisije likanipata mimi. Mama akasema, "Mama mkwe wangu mpaka anakufa alikuwa haendi sokoni. Kwa aibu ya wale wanne." Hakusema kwa ukali. Akavuta droo, akatoa karatasi na kalamu, akamsogezea. "Andika. Hivyo hivyo ulivyosema. Tarehe na saini."

"Kaka," nikamnong'oneza, "pensheni yako hiyo."

"Najua."

Akaandika nusu ukurasa, herufi kubwa, kila sentensi kwenye mstari wake. Mama akasoma mara mbili, kisha akanisogezea mimi. "Na wewe, baba. Umesikia. Saini ya shahidi."

Saini nimezikwepa nyingi maishani. Nikasema miwani nimeiacha dukani. Akavua yake akanipa. Nikasaini.

Pangaboi akafunga kichupa chake. "Kwa heri, shemeji."

"Kwa heri, fundi," akasema mama.

Mama aliipeleka karatasi ile jeshini kwa mkono wa wakili, na jibu lilichukua miezi minane. Wakili aliniita mara mbili kuthibitisha saini yangu, na mara zote mbili nilifunga duka nusu siku. Barua ilikuwa fupi: maneno "kosa la rubani" yameondolewa, mahali pake pamewekwa "sababu haikuthibitika." Mama alitaka zaidi. Wakili akamwambia heri nusu shari. Akapiga nakala tano, akazipeleka kwa miguu yake mwenyewe, nne kwa jamaa za wale watu na moja kwa wakwe zake. Nyumba mbili zilimkaribisha ndani.

Samani za ghorofani alinunua kwa mtu mwingine, mpya kabisa, kwa bei ambayo mimi ningeona haya kuitaja. Nilituma mtu amuulize kama nimemkosea. Akajibu kwamba hapana, ila hataki tena kitu kilichofutwa kabla yeye hajakiona. Nimeyafikiria maneno hayo, na bado nafuta, kwa sababu wateja wengine wote wanataka hivyo. Makabati manane niliyomtengea yalikaa kwangu mwaka mzima, nikayauza kwa hasara.

Pensheni ya Pangaboi imesimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike, na uchunguzi wa namna hiyo haukamiliki. Kodi analipa binti. Helikopta hatengenezi tena, na meza ile sasa ni ya kulia chakula. Nilipomkuta mara ya mwisho alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya mtu, tochi mdomoni. Nikamuuliza kama angalau ametua mzigo.

Akatoa tochi, akafikiri.

"Nilidhani siku ile nikitoka pale nitalia," akasema. "Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala."