Mjomba alivyokwenda kuniposea masters

Wakuu, salaam kwenu wote mnaohangaika na masters. Naona nyuzi za interview zimejaa watu wa "be confident". Mimi nawaletea yaliyonikuta mwenyewe, na chumvi sijatia.

Ni Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimerudi Rwanda kutoka Karagwe nilikokulia, nafundisha biology sekondari. Nikaomba scholarship ya masters ya mambo ya samaki, chuo kimoja Tanzania. Nafasi ilikuwa moja tu, na nilikuwa naitaka mpaka chakula hakipiti.

Nikajichanganya nikamwambia mjomba.

Mjomba, kaka wa mama, alikuwa na mitumbwi ya uvuvi Rubona, hapo jirani kwenye Ziwa Kivu. Halafu alikuwa msemaji wa posa, tena anayeitwa kila kona. Kwetu kijana hajiombei mchumba. Anakaa kimya, mzee anamsemea, na bia inabebwa.

"We mutoto," akaniambia, "kitu kikubwa hivi, mutu haombi ye mwenyewe. Anatafuta mwenye kumusemea. Donc, mi niko."

Nikadhani utani. Siku ya interview nafika hotelini kando ya ziwa, namkuta getini: suti, kofia, fimbo, na kreti ya bia. Kumfukuza mjomba wako mbele za watu, wakuu, mtajaribu nyinyi.

Jina langu likaitwa, akatangulia yeye.

Panel walikuwa wawili: mama Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na mhadhiri kutoka Dar. Mjomba akavua kofia.

"Bon, tumekuja kuomba. Kijana wetu iko muzuri. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi anapima sambaza na rula, moja moja, mpaka wamama wauzaji wanamukasirikia. Mutu kama huyu mukimunyima, mutamupa nani?"

(Sambaza ni wale dagaa wetu wa Ziwa Kivu.)

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akamjibu taratibu, kiposa vilevile: "Tumekusikia, muzee. Lakini kwetu hapa bwana harusi anajisemea. Na bia haiingii." Mjomba akatoka na kreti yake, anacheka.

Mnadhani nilijisemea? Nikaulizwa kwa nini wanichague. Nikainamisha macho, nikajibu kwamba wenzangu nao wanafaa. Tulivyolelewa, kujisifu ni aibu. Namcheka mjomba, kumbe mwenyewe nimekaa pale kama bibi harusi.

Mhadhiri akaweka kalamu chini. "Kijana, mjomba wako ametueleza mengi kuliko wewe. Hiyo rula ni kweli? Kwenye application yako haipo."

Kweli haikuwepo. Niliona ni mambo ya ufukweni tu, hayafai kuandikwa. Basi nikaanza kueleza jinsi sambaza wa Rubona walivyokuwa wanazidi kuwa wadogo, na nilichokuwa nakishuku. Sikunyamaza tena mpaka waliponisimamisha wenyewe.

Nafasi nikapata. Nilipompelekea mjomba habari, akavuta ile kreti kutoka uvunguni, haijaguswa hata chupa.

"Mali ya posa walikataa," akasema, "lakini bibi wametupatia."

Nililia, na sioni haya kusema.

Funzo: kabla ya kujaza application, muulize mtu anayekupenda angekusifia nini, uandike hicho kwanza. Ukishaingia ndani jisemee mwenyewe, macho juu. Kreti iache nyumbani.

Haya, wewe ungeombewa na nani, na angekuaibisha vipi? Semeni, ila mjomba wangu msimguse.