Beberu Tuliyempeleka Mchinga

Kazi yangu katika chuo kikuu kimoja cha Wajesuiti, Dar es Salaam, ni kuongoza utafiti shirikishi. Maana yake tunawapeleka wanafunzi vijijini wajifunze pamoja na wenyeji, badala ya kwenda kuwachungulia na kuondoka. Hilo neno "pamoja" nilikuwa nalitamka darasani mara nyingi mno, hadi wanafunzi wakaanza kunisalimia nalo ukumbini. "Pamoja, mwalimu!" Nami naitikia, "Pamoja!", huku najiona mtu wa maana.

Mwaka ule tulialikwa Mchinga, kijiji cha pwani ya kusini, na kikundi cha akina mama wanaotengeneza mafuta ya nazi. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye sauti isiyohitaji simu, alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, njooni tukae, tuone hii kazi yetu inatushinda wapi."

Alisema tukae. Mimi sikukaa. Nilijifungia ofisini siku mbili nikaandika dodoso peke yangu. Na hata kusema niliandika ni kujisifu. Nilichukua dodoso la zamani nililowahi kulitumia kwetu Singida kwa wafugaji, nikabandika maswali machache ya nazi mwishoni. Sehemu ya mifugo niliiacha ilivyo. Ilikuwa imepangika vizuri, nami niliitolea jasho.

Mkuu wa idara yetu, padri Mjesuiti mrefu, mtaratibu, alilipitia akaniuliza, "Hao akina mama wameliona?"

"Wataliona tukifika, Padri."

Akafumba macho kidogo. Kwa padri huwezi kujua kama amekubali au anakuombea.

Tulifika Mchinga na wanafunzi wanane. Wao wakatawanyika wawili wawili na vishikwambi vyao, mimi na Padri tukabaki ofisi ya kijiji kusaini kitabu cha wageni na kunywa chai kwa mihogo. Alasiri wakaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa kijana wa Mwanza, msomi hasa, asiyecheka ovyo.

"Mwalimu, kila nyumba ina mbuzi. Mmoja mmoja."

"Safi sana."

"Ila sijamwona hata mmoja."

"Watakuwa malishoni."

"Wanasema wanalala jikoni."

"Basi wanawatunza."

Akanisomea majibu ya mwenyekiti mwenyewe. Mbuzi wako anakula nini? Nazi. Kiasi gani kwa siku? Mbili, na wageni wakija hata sita. Hali ya meno? Anayo mengi, ila yamekuwa butu. Unamhudumiaje? Namkalia kila siku.

"Hapo nimeandika 'anakaa naye kila siku'," kijana akasema. "Na mama mwingine alisema 'mbuzi yangu', nikamwandikia kwa usahihi, 'mbuzi wangu'."

"Umefanya vizuri."

"Wamezaa mara ngapi? Wote wamejibu hawajawahi kuzaa."

Padri akaweka kikombe chini. "Wote?"

"Wote, Padri. Nyumba zote."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama, kutoka nje, na kwenda kuchungulia jiko moja tu. Lilikuwepo moja hatua ishirini kutoka pale nilipoketi. Sikuchungulia. Nilifungua daftari nikaandika kwa herufi kubwa: TATIZO LA UZAZI.

Wanafunzi wengine nao walirudi na majibu hayo hayo, na tulipofika Dar nikachora michoro. Ilikuwa michoro ya kupendeza, sijawahi kupata data iliyonyooka vile. Niliiwasilisha mbele ya wahadhiri wenzangu. Mmoja akauliza kama huenda ni ugonjwa. Nikamjibu kwa uhakika ambao leo natamani kuurudisha nilikoutoa: "Hapana. Tumepitia kaya zote na hakuna beberu hata mmoja. Hawa mbuzi si wagonjwa. Wapweke."

Padri aliguswa sana. Alisema kuhudumu ni kwa vitendo, na tusirudi kwa wenyeji wetu mikono mitupu. Tukakubaliana kwamba siku ya kurudisha matokeo tutawapelekea beberu.

Tulimnunua njiani, pale Miteja, kando ya barabara. Alikuwa beberu mkubwa, mweusi, mwenye ndevu za kiongozi na harufu ambayo hata leo nikipanda basi la chuo naisikia. Muuzaji alituhakikishia ana nguvu. Dereva alisema mnyama huyo haingii ndani ya basi lake. Padri akamwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe atampakata. Basi kuanzia Miteja mpaka Mchinga beberu aliegemeza kidevu kwenye goti la Padri, akimtazama kama anayesubiri kuungamishwa, na wanafunzi wakasafiri na vichwa nje ya madirisha.

Akina mama walikuwa wanatusubiri kwenye darasa la shule ya msingi. Tulipoingia nilimwamkia mwenyekiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni." Akamgeukia Padri ampe mkono, akavuta pumzi, akauteremsha mkono taratibu. "Baba Padri, umesafiri salama?"

"Salama, mama. Nimepata mwenzangu njiani."

Nikabandika mchoro ubaoni, nikasafisha koo. "Mama zangu, tumechambua majibu yenu. Mbuzi wenu hawazai."

Mama mmoja wa nyuma akajifunika uso kwa ushungi.

"Kwa hiyo, mwalimu?" mwenyekiti akauliza, mkavu kabisa.

"Kwa hiyo chuo kimewaletea beberu."

"Umetuletea mume."

"Ndiyo, mama."

"Wa wote?"

"Wa wote."

"Atawaweza?"

Padri akanisaidia. "Muuzaji amesema ana nguvu."

Yule wa nyuma akaanza kutoa sauti kama birika linalochemka, akamwangukia jirani yake, naye akamwangukia mwingine, na benchi zima likainama kama mpunga. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliinua mkono. "Haya, jamani. Kila mtu akamlete wake, aposwe."

Wakatoka mbio. Nikamwambia Padri, "Unaona wanavyopenda mradi." Kijana wa Mwanza alikuwa amekwishaelewa; alisimama kwenye kona akiutazama ukuta.

Walirudi wamebeba vitu vimefungwa kwa kanga kama watoto wachanga. Wakavipanga mstari mmoja mbele ya ubao, wakafungua kanga. Vilikuwa vibao vya kukunia nazi, kila kimoja na kiti chake kidogo cha mbao na ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi. Mbuzi zaidi ya ishirini. Kweli walikuwa hawajazaa.

Neno hilo nalijua. Nimeishi Dar miaka mingi, na mbuzi wa nazi nimewaona sokoni. Ila mimi tui nanunua la boksi, na kichwani mwangu mbuzi aliendelea kuwa wa Singida.

"Mwingizeni bwana harusi," mwenyekiti akasema.

Dereva akamvuta beberu mpaka ndani. Beberu akaukaribia ule mstari, akanusa mbuzi wa kwanza, akapiga chafya kubwa, akageuka.

"Kamkataa!" mwenye mbuzi akapiga kelele. "Na alivyokuwa mwaminifu!"

Padri alicheka hadi akainama. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya mbuzi wa mwenyekiti, na akina mama wakashangilia kwamba sasa na yeye anamkalia. Mimi nilibaki ubaoni na mchoro wangu, masikio yakiwaka moto.

Mwenyekiti akanijia, akanishika mkono. "Mwanangu, usikasirike. Tulikuita tukae, ukatuletea maswali. Huyu kijana akaniuliza una mbuzi, nikasema ninaye, nikidhani ndiyo tunaanza habari ya nazi. Akauliza, amezaa? Nikamtazama usoni, hana hata mzaha. Nikaona nisimvunje moyo. Nikawaandikia wenzangu kwenye simu: mbuzi wakiulizwa, wapo, na hawajazaa." Akaniegemea kidogo. "Swali la nazi lilikuwa la ngapi?"

"La arobaini na moja, mama."

"Unaona. Tulikuwa tumekwishachoka."

Nikaubandua mchoro. Tukatandika mikeka, nazi zikaletwa, na kila mwanafunzi akapewa mbuzi na mama wa kumfundisha. Mimi nilikuna nazi moja kwa muda ambao mama wa pembeni yangu alikuna tano. "Kwa mwendo huo, mwalimu, futari yetu tutaila Idi," akaniambia. Huku tukikuna, maswali yakaja yenyewe. Waliloling'ang'ania ni moja: kwa nini mafuta yao yanavunda baada ya wiki chache, wakati ya mama zao yalikaa miezi.

Tulilifuatilia swali hilo muhula mzima, wao na sisi. Tukawagawia chupa, wengine wakajaza chupa zilizooshwa na kuanikwa juani, wengine zilizooshwa na kujazwa hapo hapo, kama walivyozoea tangu waanze kuwaharakishia wateja. Za majimaji zilivunda. Wakabishana, wakarudia wenyewe bila sisi, zikavunda tena. Basi wakanunua chanja za kuanikia. Beberu naye alipelekwa Rutamba kwa wifi yake mwenyekiti, anayefuga mbuzi wa kawaida, na nasikia huko hapigi chafya.

Muhula uliofuata tulimleta mwenyekiti chuoni afundishe kipindi. Aliwaambia wanafunzi kila mmoja amwandikie maswali matano mama anayewapikia kantini. Walipomaliza akachukua karatasi ya kijana mmoja wa mbele, akaisoma kwa sauti. "'Je, unaridhishwa na mazingira yako ya kazi?'" Akavua miwani. "Huyu mama anakupikia kila siku. Umewahi kumwamkia?"

Mwenyekiti akamrudishia karatasi yake.

"Nenda kamwamkie."

Akaondoka. Alirudi baada ya nusu saa, ana unga hadi viwikoni na maandazi manne kwenye sahani, karatasi yake haina jibu hata moja. Akasema yule mama amekataa kujibu chochote mpaka wamalize kukanda. Mwenyekiti akachukua andazi moja, akalimega, akalionja.

"Basi rudi," akamwambia. "Bado hamjamaliza."