Farasi Aliyegoma Kila Jumamosi

"We Mama Ganza, umemumaliza huyu farasi!" Nilipiga kelele Jumamosi katikati ya uwanja. Watu wote wakageuka kuniangalia, hata binti yangu Keza.

Mwaka jana nilianguka mbele ya huyo mtoto, nikaanza kuogopa farasi. Nikarudi kwenye masomo ya kupanda farasi, nikawa natumia farasi mmoja kwa zamu na Mama Ganza wa Goma, yeye Ijumaa, mimi Jumamosi. Nilimwahidi Keza nitazunguka uwanja mzima. Lakini kila Jumamosi farasi alipiga hatua tatu akagoma. Nimlaumu nani, kama si aliyempanda jana yake? Nikaingia ofisini na hasira zangu, nikaandika malalamiko, karani akayagonga muhuri.

Kurudi nje, nikamkuta Mama Ganza, ambaye siku hiyo alikuja kutazama tu, mwalimu amempandisha juu ya farasi yule yule, wanazunguka kama wanaenda harusini.

"Bon, Mama Keza," mwalimu akaniambia, "angalia mikono yako."

Nikaangalia. Ngumi zilikuwa kifuani, vile ninavyokaza fundo la kitenge mtoto akiteleza mgongoni. Mungu wangu! Kumbe kila nikiogopa nilikuwa navuta hatamu hivyo hivyo. Maskini farasi alikuwa ananitii: namwambia simama, anasimama.

Nikapanda, mikono chini. Tukazunguka uwanja wote, Keza anapiga makofi.

Ndipo karani akatoka na karatasi yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya wote, kama utaratibu unavyotaka: "Naomba Mama Ganza aondolewe kwa farasi huyu, kwa sababu hajui kupanda."