Herufi Kubwa ya Mwalimu Ramadhani

Nusura nimnyime Mwalimu Ramadhani swala yake ya Ijumaa, na kosa lilikuwa langu.

Shuleni kwetu Kawangware tulikuwa na kompyuta moja, nami nilikuwa nikiitumia kupanga ratiba kwa lugha ya Prolog. Usiogope jina. Unaiandikia masharti, nayo inatafuta mpangilio usiovunja hata moja. Sharti la Ramadhani lilikuwa asifundishe Ijumaa saa saba, apate kwenda msikitini kwao Kibera.

Kompyuta ilijibu kwamba haiwezekani. Nilipoliondoa sharti hilo, ratiba ikatoka. Basi nikasimama mbele ya walimu wote na kumwomba Ramadhani, kwa upole, aliache ombi lake.

“Mtu mmoja atakwamishaje ratiba nzima? Kwanza iulize,” akasema. “Nani amekatazwa kufundisha saa hiyo?”

“Si ni wewe, Mwalimu?”

“Iulize kuhusu Mwalimu Otieno.”

Nikaandika. Ikajibu ndiyo.

“Na hedimasta?”

Ndiyo.

“Ai! Jaribu mbuzi wa wochimani wetu wa getini,” Otieno akadakia.

Hata mbuzi alikuwa amekatazwa.

Hapo nikaona. Katika Prolog, jina la mtu huanza kwa herufi ndogo. Ukianza kwa kubwa, si jina tena; umeacha nafasi ya yeyote, na sharti linawabana wote. Nayajua hayo, huwa nawafundisha wengine. Majina yote niliyaandika kwa herufi ndogo, ila la Ramadhani, mkubwa wetu kwa umri, mkono uliona aibu kulishusha.

Ramadhani akasogea karibu na skrini. “Kwa hivyo hapa mimi ni nani?”

“Yeyote,” nikajibu.