Gari la Mbio Nyuma ya Turubai

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimeinama kwenye ua wa mbao nyuma ya nyumba yetu ya Bulengera, mjini Butembo, nikichungulia kwa jirani kupitia tundu dogo, ili nijue kama Mama Kahindo alikuwa akituchunguza. Nikakuta jicho. Yeye pia alikuwa ameinama upande wake, kwenye tundu lilelile. Tulitazamana hivyo, kisha kila mmoja akarudi nyuma polepole, kana kwamba alikuwa akitafuta kuku aliyepotea. Mtu mwenye akili angecheka na kumsalimu. Mimi nilitafuta msumari na kipande cha bati, nikaliziba lile tundu.

Unaniita baba mdogo kwa sababu Paluku, baba yako, ni kaka yangu mkubwa, na desturi yetu inaniruhusu kukuita mwanangu ingawa kichwani sina mvi hata moja. Kwa hiyo nivumilie. Najua nasaha za kijana zinasikika kama koti la kuazima. Lakini jambo hili nililiona mwenyewe, na wewe unapenda kutengeneza vitu kama nilivyopenda mimi, basi ni afadhali ulisikie kwangu.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza chuo, na kazi hakuna. Nilikuwa na diploma na muda mwingi wa kuwaza, na vitu hivyo viwili vikikaa katika kichwa kimoja havileti amani. Ndipo nilipoona kwenye simu picha ya gari la mbio la zamani sana: kiti kimoja, mwili mwembamba kama sigara, magurudumu yako nje, yana njiti nyembamba kama ya baiskeli. Nililipenda jinsi watu wanavyompenda mtu. Nikaamua kutengeneza mfano wake, hapa nyumbani, kwa injini ya pikipiki iliyokufa na bati la mapipa ya mafuta.

Gari la namna hiyo, mwili wake hauanzi na chuma. Unaanza na mbao. Unachonga kiunzi chenye mbavu, sawa kabisa na umbo la gari, kisha bati unalilaza juu ya kiunzi na kulipiga nyundo kidogo kidogo mpaka likubali kupinda. Nilihitaji fundi mwenye subira, na katika barabara yetu alikuwa mmoja tu: Kakule, rafiki yangu. Kakule alitengeneza vitanda, viti na majeneza. Majeneza ndiyo yaliyokuwa yanamlisha.

Banda letu lilikuwa dogo, hivyo kiunzi tulikigawa vipande vitatu: pua, katikati na mkia. Tulianza na katikati, pale anapokaa dereva. Sasa tulia, mwanangu, ukione hicho kipande kwa macho ya mtu asiyejua lolote. Kirefu kama mtu. Kipana mabegani. Chembamba kuelekea miguuni. Na anayekipigia misumari ni Kakule.

Mimi sikukiona hivyo. Mimi niliona gari. Tena niliona wezi wa gari, wezi wa wazo langu, watu wa wivu, watu wa kunicheka kwamba yule mwenye diploma sasa anacheza na mbao. Niliwaza pia wenye silaha, maana katika nchi yetu mtu anayegonga chuma nyuma ya nyumba anaweza kuulizwa anamtengenezea nani. Basi nikanunua turubai la buluu, nikafunika kila kitu. Nikamwambia Kakule asiseme kwa mtu. Hata nyumbani, aliyeuliza alijibiwa, "Ni kazi ya mbao tu."

Katika nyumba hiyo alikuwepo koko Masika, mama wa baba yetu. Wewe ulikuwa mdogo, labda unamkumbuka kwa sauti yake tu. Alikuwa amekimbia mauaji ya Kalunguta, kwenye barabara ya Beni, akaacha shamba la mihogo na kahawa, akaja kwetu na vitambaa vyake na rozari. Mtu aliyekimbia halali kama sisi. Akisikia mlango, anahesabu nani ameingia. Akisikia nyundo, anataka kujua inapiga nini. Na Kakule, maskini, alikuwa na mazoea ya fundi: akikusalimu anakutazama tangu kichwani mpaka miguuni, kama anayepima kwa macho. Kila asubuhi alimsalimu koko hivyo.

Koko aliacha kula chakula cha nyumba. Hakusema kwa nini. Alijinunulia mbabula ndogo ya makaa, akawa anajichomea ndizi na viazi pembeni mwa mlango wake, na maji aliyachota mwenyewe. Mama yangu aliumia sana. Unajua kwetu, mtu akikataa chungu chako amekuambia neno zito kuliko tusi.

Nami nikaanza kuwaza, maana hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Labda koko ni mgonjwa na anatuficha. Labda amepata habari mbaya za Kalunguta. Labda amenikasirikia kwa kukaa bila kazi. Mwishowe nikaamua kwamba ni Mama Kahindo, jirani, aliyemjaza maneno, kwa sababu niliwaona wakiongea kwa sauti ya chini baada ya misa, nao wakanyamaza nilipokaribia. Jumapili iliyofuata niliwafuata nyuma mpaka kanisani, nikijificha nyuma ya watu kama askari wa upelelezi. Sikusikia kitu. Padri aliponipa amani ya Kristo nilishtuka.

Niliwashuku wote, mwanangu, isipokuwa turubai langu.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni na njiti za magurudumu mkononi, nikamkuta mama analia uani.

"Koko ameenda," akasema. "Amefunga bintu yake yote, nguo na rozari. Anarudia Kalunguta."

Wiki ile barabara ya Beni ilikuwa na habari mbaya. Watu walikuwa wanakuja upande wetu na magodoro kichwani. Hakuna aliyekuwa anaenda upande wao. Kabla sijauliza lolote, sauti ya Mama Kahindo ikatoka nyuma ya ua.

"Kambale! Amepanda pikipiki ya kwenda pa parkingi ya Beni. Kimbia, weye! Utaendelea kuziba matundu mpaka lini?"

Nilikimbia. Koko nilimkuta kwenye benchi la muuza chai, pale magari ya Beni yanapongojea abiria. Furushi lake lilikuwa miguuni. Gari lilikuwa halijajaa, kwa sababu watu wenye akili walikuwa hawapandi.

"Koko, unaenda wapi?"

"Kwangu."

"Kule banaua batu, koko!"

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Ni hilo lililonitisha.

"Kule wakikuja kuniua, banapiga kelele, nasikia, nakimbia. Kwenu munanipima pole pole na metre. Juu ya nini, Kambale? Nilikula sana? Nilikaa sana?"

Sikuelewa, kisha nikaelewa yote kwa mara moja. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye matope.

"Ile ya mu banda?"

"Ile munafunika. Nilifunua siku mulikwenda kutafuta misumari. Mi nimeona majeneza mingi, mwanangu. Hapana mutu wa kunifundisha."

"Koko, ile ni gari!"

Muuza chai akacheka. Dereva wa gari la Beni naye akasogea, maana hakuna anayekataa maneno ya bure.

"Gari ya nini?" akauliza.

"Ya mbio," nikasema.

"Ya mbio! Mu Butembo! Itashindana na nani, na mbuzi? Koko, panda gari yangu twende. Huyu anakudanganya."

Nilitoa simu nikamwonyesha koko ile picha. Aliitazama vizuri, akanirudishia.

"Telefoni inaonyesha kila kitu. Inaonyesha hata batu wenye kufa banaimba."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na kila nililosema lilisikika kama uongo, hata masikioni mwangu. Hiyo ndiyo adhabu ya mtu aliyefunika kitu kwa muda mrefu: siku anapotaka kusema kweli, haina mahali pa kusimama. Nikaacha kusema. Nikamwomba kitu kimoja tu, aje aone na macho yake, mchana, na kama ni jeneza nitamrudisha mwenyewe kwenye lile benchi na kumlipia nafasi.

Akawaza. Dereva akapiga honi. Koko akamgeukia.

"Ningojee kesho. Pengine nitakuja." Kisha kwangu: "Lakini Kakule asinisalimu."

Tulipofika alikataa kuingia bandani. Alisimama barabarani, mbele ya nyumba, na furushi mkononi.

"Toa yote. Hapa. Na ile turubai pia."

Nilitoa vipande kimoja kimoja, na watu wakaja kama wanavyokuja kwenye ugomvi. Baba yako alinisaidia kubeba pua. Kile cha katikati kilipotoka, mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba, na hapo nilikiona, mwanangu. Kwa mara ya kwanza nilikiona kwa macho yao. Hata mimi ningekimbia nyumba hiyo.

Nikaunganisha pua, katikati na mkia, nikasimamisha magurudumu mawili pembeni. Koko akazunguka. Alitia mkono ndani, akapapasa kila ubavu.

"Mufuniko iko wapi?"

"Haina mufuniko, koko. Mutu anakaa, kichwa kinabaki inje."

"Kaa."

Nikakaa. Kichwa na mabega vikabaki nje, kama mtoto ndani ya beseni, na barabara nzima ikacheka. Koko hakucheka.

"Juu ya nini kiti moja? Huyu mutu anakwenda wapi peke yake?"

"Anashindana na wengine. Kila mutu na gari yake."

"Banamufukuza?"

"Banajaribu kumupita."

"Basi ni mutu ya woga," akasema, na hapo hata Kakule, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo ili asimsalimu, akacheka mpaka akajisahau.

Mama Kahindo alikuwa mbele ya umati. "Mi nilisema tu kile niliona," akajitetea kabla hajaulizwa.

"Na weye ungepiga hodi," koko akamjibu. "Uliona kwa tundu, ukaniambia kwa sikio. Mulango iko pale." Kisha akanigeukia mimi, na maneno haya aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi. "Ulijua niko mutu wa kukimbia. Ulijua nasikia nyundo usiku na mchana. Uliogopa mwizi, uliogopa kuchekwa. Hapana uliogopa juu yangu hata kidogo. Ungeniambia mi wa kwanza, ningekushikia hata misumari."

Nikanyoosha mkono nipokee furushi lake.

Alibaki, lakini kwa sharti: kazi yote ifanywe mbele ya nyumba, mchana, bila turubai. Niliona aibu mno siku za kwanza. Waliopita walinipigia kelele, "Eh, ingénieur ya sanduku!" Koko aliketi mlangoni na kuwajibu yeye mwenyewe, wakati mwingine kwa matusi ya Kinande, lugha ya kwetu, ambayo sitayaandika hapa. Na wale wezi niliowaogopa? Hakuna aliyeiba hata parafujo. Macho yalikuwa mengi mno barabarani. Gari lilimalizika. Lilitembea, kwa moshi mwingi, na kwenye mteremko wa parokia chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na injini, yenye mzigo wa mihogo, ililipita. Hiyo ni hadithi ya kucheka. Si hilo nililotaka kukuambia.

Nilitaka kukuambia habari ya sahani. Jioni ile ya kwanza, mama alimpa koko bugali na sombe ya majani ya mihogo. Koko akaisukuma sahani mbele yangu. "Anza weye," akasema. Nikamega, nikala, naye akinitazama koo mpaka nimeze, asije akalishwa sumu. Ndipo akala. Kesho yake vilevile. Mwezi mzima na zaidi, gari likisimama mlangoni bila siri yoyote, mtaa mzima ukijua ni gari, koko aliendelea kuniambia, "Anza weye." Alikuwa ameamini kuhusu mbao. Kuhusu mimi alikuwa bado anachunguza, na alikuwa na haki. Nilikula lile tonge la kwanza kila jioni bila kulalamika. Kisha jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa anamsimulia mama habari za kahawa ya Kalunguta, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye sahani. Alisahau kuniambia nianze. Mama akanitazama, akainamisha uso. Tukaendelea kula, tukiogopa atakumbuka.

Basi shauri langu ni hili. Sikuambii uamini kila mtu. Tunaishi mahali ambapo watu wana sababu za kuogopa, nami hata leo nikisikia hatua nyuma yangu nageuka. Lakini ukianza kazi ambayo watu hawajawahi kuiona, usijiulize kwanza nani atakuibia. Jiulize ni nani ndani ya nyumba yako anaweza kuogopa kuliko wote, umwendee huyo kabla hujapiga msumari wa kwanza, umwonyeshe ingali mbaya na haijakamilika. Na ukimwona mtu amebadilika, amekataa chakula, amenyamaza, usimfuate kwa siri kanisani. Keti karibu naye, umuulize, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho hata kama linakushtaki. Na ikiwa umeshavunja imani ya mtu, usimwambie aharakishe. Kula tonge la kwanza, siku zote atakazotaka.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani, mwanangu. Mikono yako ipate kazi, na kazi yako isimnyime mtu usingizi. Wazee watakaokaa kwako wale na kushiba bila kukutazama koo, na siku utakayokuwa umezeeka, wajukuu wako wakuite uje uone wanachotengeneza.