Kikombe Mgongoni

Kumwamini mtu si kazi yangu. Mama yangu mzazi alikuwa akisema, mtoto huyu hata akipewa ziwa anyonye, analikagua kwanza. Basi siku niliyorudi kutoka hospitali ya Kasongo bila sindano, bila kidonge, na karatasi moja tu yenye michoro ya mtu aliyelala chini, msinishangae kwamba njia nzima nilikuwa nanung'unika nyuma ya pikipiki.

Mgongo niliuumiza kwenye gogo la kuvukia kijito, kwetu upande wa Lusangi. Nilibeba kitunga cha muhogo, kamba yake kwenye paji la uso. Nikateleza, nikaanguka kwa makalio, kitunga kikanikalia. Tangu siku ile kiuno kikawa kinawaka. Kujifunga kitenge nilishika ukuta, kusali nilikaa kwenye kigoda. Nilichanjwa chale, nikakandwa kwa mawese ya moto, wapi!

Hospitali wakanipeleka kwa kine, yule mtu wa kutibu viungo na misuli. Alikuwa mama mnene wa sauti ndogo. Akasema dawa yangu inaitwa Pilates, yeye aliisomea Bukavu. Dawa yenyewe: unalala juu ya mkeka, unapumua mpaka mbavu zifunguke, unavuta kitovu ndani, unainua mguu polepole. Kisha unapiga magoti, unashika chini kwa mikono, unawekewa juu ya kiuno kikombe cha plastiki chenye maji nusu. Unanyoosha mkono wa kuume na mguu wa kushoto, na maji yasimwagike.

"Misuli ya ndani ilisinzia, tunaiamsha," akasema. "Siku utafanya mara kumi kila upande, kikombe kitulie, ndipo ushike jembe. Mbele ya ile siku, hapana."

Misuli gani inaamshwa kwa pumzi? Mimi napumua tangu nizaliwe.

Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba alitaka mtu wa kunitazama, kwa sababu hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe. Na mtu niliyekuwa naye ni mke mwenzangu. Bwana wetu ndiye aliyempanga anisindikize. Akaonyeshwa kila kitu, anaitika "ndiyo, ndiyo," na kikombe akapewa yeye. Nikajiambia, leo afya yangu imewekwa mkononi mwa mtu ninayegawana naye mume. Yeye aliniita yaya, kama dada yake mkubwa. Mimi nilimwita "wewe", inatosha.

Mniulize nilikuwa naogopa nini. Shamba. Nina shamba moja bondeni, udongo mweusi, nililopewa na mama mkwe nilipozaa mtoto wa kwanza. Mpunga wangu unatoka pale, na neno langu katika nyumba ile linatoka pale pale. Kwetu shamba lisilolimwa halikai na mwenyewe. Wakwe walishasema mbele yangu: mvua zikikuta bonde lile tupu, litapewa mwenye kiuno kizima. Mwenye kiuno alikuwa ameketi hapo hapo anachambua majani ya sombe, macho chini. Macho chini! Mimi na watu wa macho chini tunajuana.

Kila asubuhi baada ya sala alitandika mkeka uani, mimi nikapiga magoti. Kisha nikasikia maji yanamiminwa, yanamiminwa, hayaishi.

"Kine alisema nusu," nikamwambia.

"Najua, yaya."

"Sasa mbona unajaza?"

"Nyoosha mguu, yaya."

Nikanyoosha. Maji yakateremka mbavuni mpaka shingoni. "Iko bado," akasema, akafuta mkeka. Kesho yake, iko bado. Juma lililofuata, iko bado. Nani asingeelewa? Kikombe kilichojaa mpaka ukingoni kitamwagika hata juu ya meza. Mawingu yalishaanza kukusanyika, na huyu ananiwekea maji ya kunichelewesha.

Nisiseme uongo, maumivu yalikuwa yanapungua. Kitenge nikakifunga bila kushika ukuta. Asubuhi moja nikaacha kigoda, nikasujudu, paji la uso likafika chini, nikalia kwa furaha. Sikumwambia mtu. Hasa yeye.

Kisha nikaona miguu yake. Shamba lake liko mlimani, udongo wake mwekundu kama matofali. Lakini siku ile alirudi saa sita na matope meusi mpaka magotini.

"Umetoka wapi?"

"Shamba."

"Shamba gani?"

"Yaya, sufuria inaungua," akasema, akaingia jikoni.

Aka! Kikulacho ki nguoni mwako. Ananilaza mkekani asubuhi, anakwenda kujikatia bonde langu mchana! Usingizi ukanikimbia. Siku mbili nikachungulia miguu yake. Siku ya tatu nikamwacha atangulie na jembe, nikachukua fimbo, nikamfuata polepole, maneno nimeyapanga mdomoni, na mengine si ya kurudia hapa.

Nikafika bondeni. Shamba limelimwa karibu lote, mpunga umeota urefu wa kidole. Nikaenda moja kwa moja kwenye mpaka, kwenye masale niliyoyapanda mwenyewe. Yapo, hata moja halikusogezwa. Nikainua macho mlimani, kwenye shamba lake yeye. Majani matupu, yamefika kifuani.

Yeye alikuwa kwenye kipande cha mwisho, amepiga magoti, mkono mmoja kiunoni. Akaniona, akataka kusimama, asiweze.

"Nani alikutuma?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa bado ya ugomvi, sikuwa na nyingine.

"Nani atanituma? Walisema mvua ikikuta shamba tupu, wanipe mimi. Nikipewa shamba yako, tutalala mu lupango moja, uani pamoja, namna gani?"

"Na maji? Mbona ulikuwa unajaza?"

Akakunja uso kwa maumivu, halafu akacheka. "Nusu ulishaiweza tangu juma la pili, yaya, yaliyomwagika yalikuwa ya juu tu. Ningekuambia, ungeshika jembe kesho yake. Na ile hasira yako? Ungevunjika tena, halafu shamba wangeichukua kweli."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu alikuwa ameubeba miezi miwili, mimi nikihesabu matope ya miguu yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikatupa fimbo, nikavuta kitovu ndani, nikatoa pumzi kama nilivyofundishwa, nikamwinua. Mgongo wangu haukusema kitu.

Nyumbani nikatandika mkeka uani mimi mwenyewe. Siku nyingi akalala tu na kupumua, na mimi niko kichwani pake. Maumivu yalipotulia nikampigisha magoti, nikamnyoosha mkono na mguu, nikachukua kikombe. Kiuno chake kilikuwa kinatetemeka.

"Yaya," akasema akisikia maji yanamiminwa, "kine alisema nusu."

"Najua, mudogo wangu," nikamjibu, nikajaza mpaka ukingoni.