Kilio ya Mzee Kisimba ilikula nyasi ya dambo yetu

Wakuu bote wa humu, bababa na bamama, jambo yenu.

Mimi ni kambo, nyanya vile wengine munasema. Masomo yangu iliishia ku darasa ya tatu ya primaire, na Kiswahili yangu ni ya Katanga, basi munivumilie pale nitakosea. Hii kitu niliiona na macho yangu, sikuipata mu kinywa ya mutu. Mwili umezeeka lakini majina haitoke mu kichwa yangu, ya batu na ya mbuzi.

Naona humu batu banauliza juu ya malisho, juu ya drought, mbuzi kukonda. Njo maana na mimi nimeleta yangu. Haina kicheko mingi.

Niko upande wa Nchelenge, Zambia, mu settlement ya wakimbizi. Tulivuka ziwa Mweru na mashua, bakatupokea pale Kenani mu mahema, kisha bakatupa kiwanja na kipande ya shamba.

Ukisema Mweru, kila mutu anaona samaki. Anaona nyavu, anaona baiskeli zinatoka Kabuta, kando ya ziwa, zimebeba samaki kupeleka ku vijiji vya porini. Mbuzi hakuna mwenye kuzisemea. Lakini serikali ikifunga uvuvi, na mahindi ikakauka, ni mbuzi njo inabakia kati yako na njaa.

Yangu ilikuwa Feza, mama yao. Bilengi, binti ya Feza. Siwezi, dume ya pembe moja. Na Feza alikuwa amezaa mapacha, nikabapa majina ya mapacha ya batu, Kyungu na Kabange. Batu balinicheka. Niliacha bacheke.

Sasa musikilize juu ya dambo.

Dambo ni bonde ya nyasi inashika maji ya mvua. Jua ikikausha mahali pote, nyasi ya dambo njo inakufa mwisho. Ile ya kwetu ni ya kijiji cha Ba Chanda, mwenyeji, Mubemba. Alitukubalia tuchunge pale, sharti moja tu: mutu asichome moto.

Mwenye kutufundisha kuitumia ni Mzee Kisimba. Yeye alichunga ng'ombe kule milima ya Marungu, Kongo, tangu utoto. Huku hakuwa na ng'ombe hata moja, alikuwa na mbuzi tu, na alizisalimia asubuhi mbele ya kusalimia bibi yake.

Aligawa dambo mara tatu. Ya juu tunachunga mvua ikiisha. Ya katikati inafuata. Ya chini, karibu na matete, ile inafungwa. Mbuzi haitie mdomo pale mpaka mwezi wa njaa, pale mawingu inatudanganya na mvua haishuke. Alipanga miti, akafunga vipande vya kitenge mukuukuu. Na kila siku mutu mumoja alikaa pale kwa zamu, kurudisha mbuzi ya bakaidi.

Alikuwa anasema, "Nyasi ni kama mutu. Mukate nywele, ataota ingine. Ukimukata shingo, umezika."

Maana yake mbuzi ikule majani, kisha muihamishe mbele haijafika ku mizizi. Kitu ndogo hivi. Lakini miaka ile tulimusikiliza, maziwa haikukosa mu nyumba.

Basi. Ile mwaka mvua ilikatala.

Mahindi ilikauka mbele ya kubeba. Mashimo ya maji ikaanza kunuka. Ya juu ikaisha, ya katikati ikaisha, tukabakia na ile ya chini, nyasi imefika mutu mu kiuno, yenye kufungwa. Kila mutu alikuwa anaiangalia vile mutoto anaangalia sufuria. Mzee Kisimba akasema, "Bado. Tukiifungua leo, mwezi wa njaa tutakula nini? Kitenge?"

Batu bakacheka, bakangoja.

Kisha akakufa. Hakuugua. Alienda kukaa ku zamu yake, jua ikaenda, hakurudi. Balimukuta ameegemea muti wa kitenge, kofia ku magoti.

Sasa wakuu, hapa njo kunako shida, na munisikilize vizuri, maana wengine munatoka mahali hamujue desturi yetu.

Kwetu, maiti ikiwa mu nyumba, hakuna kazi. Hakuna shamba, hakuna soko, hakuna kuchunga. Bote munakaa ku kilio, munalala inje, munakula sufuria moja. Mutu mwenye kuondoka kwenda ku kazi yake, batu banauliza: huyu anakimbia nini? Na kama huyu mutu ni mwanamuke muzee, hawaulize tena. Bamekwisha kujua: ni mulozi, muchawi.

Na kilio ya Mzee Kisimba ilirefuka. Mutoto yake Ilunga alikuwa ku kisiwa cha Chisenga, kwenye kambi ya bavuvi, na upepo ulikuwa mubaya, mashua haikuweza kuvuka. Hatuwezi kuzika baba bila mutoto wa kwanza. Tukangoja upepo.

Mbuzi zilikuwa zimefungwa mu vizizi, zinalia kuliko sisi. Mutu akasema, "Muzifungulie, zijitafutie." Kwa huruma tu. Zote za katie, mtaa yetu muzima, zikatoka pamoja, na mutu wa zamu hakuna. Mwenye zamu tulikuwa tunamulilia.

Mimi niliwaza ile ya chini. Nikasimama, nikafunga kitenge mu kiuno. Mama Ngoy, jirani yangu, mwanamuke wa mdomo lakini wa moyo pia, akasema mbele ya bote:

"Kambo, unaenda wapi?"

"Naenda kuangalia nyasi."

"Nyasi! Mzee amelala pale, wewe roho yako iko ku mbuzi? Ama ulimaliza mwenyewe kazi yako hapa?"

Bengine bakacheka kidogo, ile kicheko ya kilio. Bengine habakucheka. Nikaona macho. Mu katie yetu kuna mama mumoja, Mama Feliya, balimufukuza juu ya maneno kama hii hii. Nikakaa chini. Mutu mwingine naye hakusimama.

Ilunga alifika, macho imevimba na upepo. Tukazika. Kisha tukakaa tena siku nyingi vile desturi inataka, mpaka majivu ya moto wa kilio ikafagiliwa.

Siku tulienda ku dambo tulikuwa mimi, Mama Ngoy na Ba Chanda.

Wakuu, hamuwezi kujua kama kulikuwa nyasi. Mbuzi haikukata nywele. Ilikata shingo, kisha ikachimba mizizi na kwato. Ardhi ilikuwa wazi kama kichwa ya mutu amenyolewa kwa msiba. Vitenge peke yake vilikuwa vinapepea. Na pale ku muti mumoja, mahali Mzee aliegemea, mbuzi zilikuwa zimelala, mavi yao imejaa.

Ba Chanda aliokota kamzizi, akakavunja. Kalikuwa kakavu. Akasema, "Mayo, icani capwa." Mama, majani imeisha. Hakukasirika. Ingekuwa heri akasirike.

Ile mwezi wa njaa Mzee alikuwa anaogopa, ilikuja.

Mbuzi zilikula kartoni. Zilikula kamba. Mama Ngoy alizipa zake maganda ya muhogo muchungu, mabichi, hakungoja ikauke ku jua, sumu itoke. Mbuzi yake Tabu akaanguka, Neema akaanguka, kabla ya chakula ya muchana zote zilikuwa zimekufa, tumbo zimevimba. Alikuja kwangu akakaa mu vumbi. Nilimupa maji.

Kwangu maziwa ya Feza ilikauka. Kabange akafa kwanza, Kyungu akamufuata, vile mapacha banafanyaka. Bilengi aliangukia mu shimo ya maji, alishuka kutafuta, hakuwa na nguvu ya kupanda. Siwezi niliuza akiwa bado anasimama. Feza akabakia, mbavu inje.

Mulifikiri mvua ilituponya? Mvua ilikuja kwa hasira, usiku na muchana. Ardhi ya uchi haina mukono ya kushika maji. Maji ikateremka nyekundu, ikapasua dambo katikati, ikabeba udongo mpaka ziwani. Pale tulikuwa tunachota maji jua ikiwaka, leo ni korongo, mutoto anaweza kujificha ndani. Na kinachoota pembeni ni kajani kagumu, hata Feza anakanusa, anageuza uso.

Mvua ilipoisha tukafanya matanga ya kufunga msiba, na Ilunga akarudi tena kutoka Chisenga. Kwa desturi mutoto anauliza, baba yangu aliacha nini? Ile kitu Mzee aliacha, tuliimaliza tukimulilia.

Ilunga akasema, "Basi munionyeshe tu mahali alikuwa anakaa." Tukamupeleka. Alisimama pembeni ya korongo. Kisha akaanza kukusanya miti ya vitenge, akaipanga tena kuzunguka kile kidogo kimebakia karibu na matete. Ba Chanda akamusaidia. Tukaanza kubeba mawe na matawi ya kuziba korongo, maji ipunguze mbio. Tunabeba mpaka leo. Nyasi inarudi kidogo, mahali upana wa mukeka moja, mahali mukeka mbili. Mimi sitaiona ikifika mutu mu kiuno.

Juu ya kilio tulikaa kikao. Nikasema: mutu akikufa, wa kwanza kutumwa asiende kwa pasta, aende ku nyasi. Mutu mumoja abakie kule, na chakula ya kilio bamupelekee kule kule, naye analia na sisi. Bengine bakakubali. Bengine bakasema kambo anataka kuharibu desturi, wafu batakasirika. Hatujamaliza.

Nikabaambia, basi muanzie na mimi. Sina mbali na kaburi. Siku hiyo musifungulie Feza.

Mama Ngoy akasimama, yule yule. Akasema, "Kambo, siku yako mimi njo nitakaa ku nyasi. Sitakuona bakikushusha, lakini nitakaa. Baniite mulozi."

Sikulia ku kilio ya Mzee Kisimba vile nililia pale.

Somo yangu ni hii, wakuu: ukame haukutumaliza peke yake. Tulikuwa na akiba, na mulinzi wake alikuwa mumoja. Mahali penu pa malisho, musifungie ulinzi ku roho ya mutu mumoja, maana mutu anakufa mwezi wowote, na nyasi haijue msiba.

Sasa muniambie, kwenu ku maiti nani anabakia na mifugo? Na bale wanajua kuziba korongo, muniandikie, hata maneno mafupi. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.